Maini ya Mfungaji

Ukitaka Bwanausi, mkaanga samaki wa Mlingotini, akununie siku nzima, mtajie maini ya mbuzi. Miaka tisa alicheza winga ya kulia, akichanja mbuga mpaka kwenye kibendera cha kona na kumimina krosi, na mshambuliaji wao Ishaka akiweka kichwa tu. Timu ikishinda mbuzi wa mashindano, maini yalichomwa kwanza, akapewa mfungaji. Mpiga krosi aligombania mbavu na wenzake. Miaka tisa! Krosi zake, maini ya Ishaka.

Fainali yao ya mwisho, dhidi ya Mkange, dakika zikiyoyoma, alimwona Ishaka peke yake mbele ya goli, mkono juu. Leo maini nakula mimi, akajisemea, akapiga mwenyewe. Mpira ukapaa juu ya mwamba, ukaishia minazini. Mbuzi akaenda Mkange.

Wenzake walipomjia juu, Ishaka akawazuia. "Jamani, kosa langu. Nilichelewa kumwita."

Uwanja mzima ukamsifu Ishaka kwa uungwana wake. Mpaka leo Bwanausi hajamsamehe. Hata kosa lake mwenyewe, yule bwana alimnyang'anya!