Sepetu ya Kuchimbia Sungura

Udongo wa Stanmore ukichimbwa asubuhi ya baridi hunuka kama mtungi mpya uliotiwa maji mara ya kwanza. Harufu hiyo niliijua nikiwa na miaka kumi, nimepiga magoti kwenye umande kando ya baba yangu, sote wawili tumeinamia shimo la sungura. Wajukuu zangu nikiwahadithia kwamba baba yangu, Mhindi wa Malindi aliyevaa tai hata Jumapili, alikuwa akiwinda sungura ukingoni mwa London, hucheka na kunijibu kwa Kiingereza kwamba bibi anatunga. Situngi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, wakati Wahindi wa Kenya tulipokuwa tukimiminika huku na masanduku yetu na makoti ya kuazima, na sisi tulipanga vyumba viwili mtaa wa Queensbury. Nyumbani tulisema Kikachi, lugha ya mababu zetu wa India, na Kiswahili vikichanganyika, na nje ya nyumba tulisema kidogo iwezekanavyo.

Baba alikuwa na duka la vyuma Malindi. Majembe, mapanga, misumari, tupa, mipini. Watu walitoka mashamba ya mbali wakapita maduka mengine mawili ili wanunue kwake, kwa sababu baba hakuwa akikuuzia jembe mpaka akuhoji. Shamba lako la mchanga au la mfinyanzi? Lina mawe? Anayelima ni wewe au mama watoto? Mteja akiudhika, baba anacheka, anamkaribisha kahawa, anauliza tena. Sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Basi huyo ndiye aliyefika London akapewa ufagio kiwandani, akawa mtu wa kuitikia tu. Jioni alikaa kitini na koti lake mwilini kama abiria anayesubiri kuitwa. Mama akimsemesha, anajibu neno moja. Mimi nilikuwa mtoto lakini sikuwa mjinga. Niliona kwamba baba yangu anazimika, na niliogopa.

Jirani yetu alikuwa mzee wa Kiingereza, Mista Harold, mjane, mstaafu wa reli, mgongo umempinda. Nyuma ya nyumba yake alifuga fereti mmoja jike, mnyama mweupe mwembamba, umbo la nguchiro, anayefunzwa kuingia mashimo ya sungura na kuwafukuza watoke. Unatega nyavu kwenye midomo ya mashimo, unamwingiza fereti, sungura wanachomoka na kunasa wazima. Mara nyingine sungura hukwama mwisho wa shimo, fereti naye akang'ang'ania hukohuko, na hapo lazima uchimbe upesi umfikie. Mgongo wa Mista Harold haukuweza tena kuchimba. Siku moja, yeye upande wake wa ua na mama upande wetu, alimwambia kwamba asipopata mchimbaji atampa mtu mwingine mnyama wake, na akalisema hilo akiwa amegeuka upande. Mama akapiga hesabu yake. Sisi ni Waislamu wa Kisuni, sungura kwetu ni halali almuradi achinjwe angali hai, na nyama ya kuchinjwa siku zile ilikuwa safari ya mabasi mawili. Akamtoa baba sadaka papo hapo: "Mume wangu atachimba."

Baba akaenda duka la vifaa pale barabarani, akanyoosha kidole bila kufungua kinywa, akapewa sepetu pana ya kuchanganyia saruji. Jumapili tukapanda basi na Mista Harold mpaka Stanmore, fereti sandukuni. Sungura wawili walitoka, wakaruka kando ya nyavu. Wa tatu akakwama chini, na kamba aliyofungwa fereti ikaacha kwenda. Baba akaanza kuchimba. Ubapa ule mpana haukuingia kati ya mizizi, mfinyanzi ukaung'ang'ania kama ugali uliokosa maji, na kila alipoinua ukingo ulimomonyoka ukafunika alipochimba. Mista Harold alikuwa akiita jina la mnyama wake kwa sauti ya chini. Tulipomfikia fereti, alikuwa hai lakini amechoka hoi, na sungura ameshakufa. Mzoga haukuwa na faida kwetu. Mista Harold alimvika fereti skafu yake na kusema tujaribu Jumapili moja tu tena, kwa sababu hawezi kumzika mnyama wake akiwa hai. Baba alirudi na matope mpaka kwenye tai.

Usiku, wakati wa chakula, mama alidhani anampoza. "Baba Shirini, si kitu. Wahenga wamesema mchagua jembe si mkulima." Baba akaweka kijiko chini. "Aliyesema hivyo," alijibu, "hajawahi kuvunjikiwa na mpini mvua inaanza." Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu tufike. Akaendelea: "Miaka ishirini nawauliza watu udongo wao. Mimi mwenyewe nimeingia dukani kama bubu, nikachukua nilichopewa." Akainuka, akavuka ua, na nikamsikia akimhoji Mista Harold kama mkulima wa kwao. Mashimo yana kina gani? Kiunoni au gotini? Mizizi ya mti gani? Mnachimba mmesimama au mmepiga magoti chini ya vichaka? Mzee wa watu alijibu yote, na nadhani alifurahi kuulizwa.

Jumamosi akanichukua twende duka lilelile. Nusura nife kwa haya. Baba aliomba ateremshiwe sepetu zote nyembamba, akazipiga moja moja kwa kifundo cha kidole, sikio karibu na chuma. Akatazama nyuzi za mti kwenye mipini. Kisha, na tai yake, akapiga magoti katikati ya duka na kujifanya anachimba sakafu. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nikamvuta koti. "Baba, twende. Watu wanatutazama."

"Waache watazame, mwanangu. Wateja kazi yao kutazama."

Muuzaji, kijana mwenye penseli sikioni, alisema sepetu zote ni zilezile. Baba, kwa Kiingereza chake cha Malindi, akamwonyesha: huu mpini nyuzi zake zimekata upande, utavunjika mzizi wa kwanza, hii chuma chake kimekufa, sikiliza, hii nzuri lakini ndefu, atakayepiga magoti itamgonga kidevu. Akazikataa zote. "Hapana. Nenda kaniletee nyingine." Kijana alienda stoo akarudi na sepetu ya vumbi, ya wachimba mitaro ya mabomba: ubapa mrefu, upana wa kiganja, umejikunja kidogo, mpini mfupi ulionyooka. Baba akaigonga. Ikalia. Akaniangalia na kucheka, na mimi nikasahau foleni.

Jioni hiyo mpaka usiku aliinoa makali kwa tupa. Jumapili ilitokea vilevile: fereti akaingia, kamba ikasimama. Mista Harold alilaza sikio chini, akaonyesha mahali, akafumba macho. Baba alipiga magoti. Mizizi ilikatika, mfinyanzi ukatoka vipande safi kama halua, na ukingo haukumomonyoka. Kina cha kiwiko akaiweka sepetu kando, akaendelea kwa vidole, taratibu, akamtoa fereti mzima, na nyuma yake sungura mnene anayepiga mateke. Akaelekea kibla, akapiga bismillahi, akachinja. Mista Harold alivua kofia yake, nafikiri kwa kukosa la kufanya. Njia nzima mpaka kituo cha basi baba alizungumza, juu ya vyuma, juu ya mvua za Malindi, juu ya mteja mmoja aliyerudisha jembe mara nne, na watu walio mbele yetu waligeuka kwa ukubwa wa sauti yake. Nilitembea nyuma nikilia kwa furaha.

Waliwinda pamoja mpaka Mista Harold alipofariki, na sasa baba naye ni marehemu. Leo nyama ya kuchinjwa naipata hatua chache kutoka mlangoni, na siwindi chochote. Mwezi uliopita niliagiza kiti cha kuogea, maana magoti yamechoka, nikaletewa kinachoyumba. Binti yangu alisema nikirudishe. Nilimwambia kitanifaa, na kila asubuhi nakikalia nimeshika ukuta. Nilifanya kazi ya ofisi katika mji huu mpaka nikastaafu, na Kiingereza changu kinakipita cha baba mara kumi. Sijawahi hata siku moja kumwambia muuzaji wa nchi hii: hapana, nenda kaniletee nyingine.