Kontena Lililorudi Tupu

Mimi si mtu wa kutulia. Alfajiri jogoo hajamaliza nishakuna nazi, nishawasha jiko, na nishaanza kuwauliza walio ndani kama wamelala mpaka kiama. Kilichokuwa kinanikimbiza mwaka ule ni chakula cha mwanangu. Shule aliyopata hapa Kibiti watoto wanashinda mpaka alasiri, na kila mmoja anabeba chake kutoka kwao. Kiporo cha wali ukikifungua saa sita kwenye joto lile, hata paka anageuza shingo.

Basi nikaingia utundu. Wali wa nazi nikaufinyanga mabonge, katikati nikaficha kamba wa kutoka delta niliowakaanga kwa ndimu. Chapati nikaiviringisha na yai, nikaikata vipande vya kusimama wima. Mkate wa kumimina nikautoboa kwa mdomo wa kikombe cha kahawa, ukatoka miduara, mtoto akapiga makofi. Jirani akanichungulia. "Mwenzetu, unapeleka shule au unapeleka posa?" Nikamjibu kuwa wivu hauna dawa, nikaendelea kukanda.

Kontena la chakula likawa linarudi tupu, limelambwa. Nilifurahi, lakini furaha yenyewe haikudumu, kwa sababu mtoto alikuwa anakonda. Akirudi anavamia ukoko kabla hajavua viatu. Sketi ya shule ikaanza kumpwaya. Nikampa dawa ya minyoo. Nikampakia kwenye bodaboda mpaka hospitali Mchukwi, akapimwa, hana malaria wala hana chochote. Daktari akaniambia kwa upole kwamba mtoto huyu ale. Niliwaka! Mimi, ninayeamka na majogoo, ndiye wa kuambiwa mtoto ale?

Nikaongeza kipimo. Yeye naye akaanza kuagiza. "Mama, kesho usitie pilipili." Huyu huyu anayekula embe bichi kwa pilipili mpaka machozi yamtoke. Nikamtazama, akatazama chini. Nikawa nafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Nikajua kuna kitu, na nikajua nisipokwenda mwenyewe kuona nitapasuka.

Nikaenda saa ya mapumziko, nikasimama nje ya ua wa michongoma. Mwanangu alikuwa amekaa kivulini nyuma ya darasa, na mbele yake msichana mwenzake, wa kimo chake, kontena langu mapajani. Yule msichana alikuwa anakula. Wangu alikuwa anamtazama na kumeza mate. Damu ikanipanda. Nikasema leo ndiyo leo, kumbe mwanangu ananyang'anywa! Nilishashika ua niupite, ndipo nikamwona wangu anaokota bonge la wali lililoangukia kwenye mfuniko na kumrudishia mwenzake, kwa mikono miwili. Anayenyang'anywa hafanyi hivyo. Nikarudi nyumbani.

Jioni nilimsubiri mlangoni. Nikamuuliza mara moja tu, kwa sauti anayoijua.

"Ni fidia ya Bibi," akasema.

Bibi ni mama mkwe wangu, tuliyemleta kwetu kutoka Ngorongo alipozidiwa. Ramadhani iliyopita hakuweza kufunga, na mgonjwa wa namna ile asiyetazamiwa kupona hulisha maskini kwa kila siku aliyoikosa. Bibi alikuwa anasahau mengi ila hilo. Kila baada ya alasiri akiuliza, "Mshanitolea fidia yangu?" nami nikimjibu, "Ondoa shaka, mama." Mume wangu alishaitoa zamani, mchele mzuri, kwa maskini wa nyumba ya pili kutoka kwetu. Lakini sadaka haitangazwi, na Bibi kwa sauti yake, ukimwambia chumbani wanasikia mpaka sokoni. Kwa hiyo nilikuwa namjibu hivyo hivyo, juu juu, na mtoto anasikiliza.

"Bibi anauliza kila siku na nyie hamtoi," akasema, sasa analia. "Ustadhi katwambia fidia unamlisha maskini. Yule haji na chakula. Nikaona nimtolee Bibi mimi."

"Na pilipili?"

"Yeye hawezi pilipili."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumbeba mgongoni kama mtoto mchanga. Nilifanya la tatu, nikamkalisha jikoni, nikampakulia wali na mchuzi, nikasimama juu yake mpaka sahani ikaonekana rangi. Kisha nikainama sikioni kwake, nikamwambia kwa sauti ya chini, ukuta usisikie, kwamba fidia ya Bibi baba yake keshaitoa, kitambo, yote. Bibi hadaiwi. Mtoto hana haja ya kushinda na njaa tena.

Alishusha pumzi, akapangusa pua kwa mkono. Nikadhani tumemaliza, nikageuka kuloweka mchele wa vitumbua vya kesho.

"Basi mama," akaniuliza, "kesho yeye atakula nini?"