Chumba cha Mama Kisichoingiwa na Panya

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, hapa Mwanjelwa. Watu hutaka sebule kubwa na vioo. Panya hakuna anayewaulizia. Hata mimi sikuwahi kuwafikiria, mpaka walipomng'ata mama.

Mama aliishi Kalenga, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma aliyoachiwa na baba. Kisukari kilikuwa kimemtia ganzi miguuni. Asubuhi moja akaamka shuka lina damu, kidole gumba cha mguu kimetafunwa, na usiku kucha hakusikia kitu. Akanipigia simu huku anacheka: "Mwanangu, panya wamenifanya kitoweo!" Mimi nililia.

Kidonda kikagoma kupona. Alipolazwa Iringa mjini, daktari akatuambia mguu ule uking'atwa tena hautavumilia. Nikafunga ofisi, nikaenda Kalenga kumtengenezea chumba kabla hajatoka. Mimi na fundi wa pale kijijini tukauziba uwazi kati ya ukuta na bati kwa tofali na saruji. Madirishani tukaweka wavu wa chuma, chini ya mlango tukapigilia kipande cha bati. Fundi alipomaliza nikajifungia ndani, nikaona mwanga unapita chini ya mlango.

"Ng'oa huo mlango," nikamwambia.

"Dada, si uwazi wa kidole tu!"

"Kwani panya mtoto anahitaji lango?"

Akanuna, lakini akaung'oa, tukaanza upya.

Nikamtumia mama picha. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, anahema lakini anatania: "We mtoto, hicho ni chumba au sefu ya benki? Haya, nakuja kukoroma humo."

Hakuja. Sumu ya kidonda ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Tulimzika Kalenga, chumba chake bado kinanukia saruji mbichi. Jamani, niliumia! Niliwachukia panya, nikaichukia na kazi yangu, nikamkasirikia hata yeye kwa kucheka kwake kule.

Baada ya matanga, mdogo wangu wa kiume, aliyebaki na shamba, akanijia taratibu. "Dada, tunavuna wiki ijayo. Mahindi tuyaweke chumbani kwa mama?"

Nilitaka kumtukana. Lakini ana watoto wa kulisha, na nyumba nzima hakuna chumba kingine panya wanamoshindwa kuingia. Nikampa ufunguo.

Nilipowatembelea tena, akanifungulia mlango kwa furaha nione. Magunia yalikuwa yamejaa mpaka juu ya kitanda kipya ambacho mama hakuwahi kukilalia. Hakuna hata moja lililotobolewa.