Vijana Niliowarudisha Mlangoni Kihesa

Tuliokuwapo pale Kihesa, Iringa, ni hawa. Mimi, niliyetoka Uyole. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili, aliyekuwa anamalizia chuo cha afya, masomo ya maabara. Mwenzake wa chumba, binti wa wafugaji waliohamia Usangu wakitokea kaskazini. Mama mwenye nyumba, Mhehe, mjane kama mimi. Na vijana watatu wa darasa lao. Majina yao yote ninayo kichwani, mpaka ya babu zao, ila mjukuu kanikataza kuyaandika. Shule niliishia darasa la nne, lakini jina la mtu likiingia kwangu halitoki.

Safari yangu ilianzia kwenye simu. Mjukuu alimpigia mama yake akilia. Mtihani wa kwanza wa kumalizia chuo, aliposhika karatasi tu, kila kitu kilimtoka kichwani, akabaki anaitazama. Sasa hali chakula, halali usingizi, na anataka kurudi nyumbani asifanye iliyobaki. Mama yake alikuwa kwenye mavuno, nikasema nitakwenda mimi. Huruma ilikuwapo, lakini niseme kweli, nilitaka pia kuuona huo ugonjwa wanaouita stresi. Sisi hatukuwa nao, au labda tulikuwa nao tukauita kitu kingine.

"Inakaa wapi?" nikamwuliza hata sijatua mzigo.

"Inahama, Bibi. Asubuhi iko tumboni, mchana shingoni. Nikishika kalamu inashuka mikononi." Akaninyooshea vidole. Vinatetemeka kweli.

"Na inakuja kabla hujaiona karatasi, au ukishaiona?"

"Bibi, umekuja kuniuguza au kunihoji?"

"Vyote, mke mwenzangu. Babu yako hakunioa kwa kunyamaza."

Mtu asiyekula, asiyelala, anayetetemeka, mimi najua namna moja tu ya kumtunza: kama mzazi. Kwetu mwanamke akijifungua analazwa, anapikiwa uji, anafunikwa, na wageni hawamfikii mpaka apate nguvu. Nikafanya hivyo hivyo. Uji wa ulezi mzito, na maziwa. Vitabu nikavisukumia chini ya kitanda. Blanketi juu ya blanketi, maana baridi ya Iringa na ya kwetu ni ndugu. Akasinzia, mimi nikaweka kigoda mlangoni.

Ndipo wakaja wale vijana watatu na makaratasi yao.

"Shikamoo, Bibi. Tumekuja kwa diskasheni."

"Marahaba. Amelala. Leo haonwi na mtu."

"Bibi, kesho ni pepa ya damu, tulipanga..."

"Damu ndiyo anayoiongeza huko ndani. Nendeni, wanangu, mtarudi akipata nguvu."

Wakaangaliana, wakaondoka. Nikajiona mlezi hodari.

Alipoamka, neno la kwanza: "Wenzangu hawajafika?" Nikamwambia. Uso ulimwisha damu, kumbe mada ya makundi ya damu alikuwa haielewi, na aliwategemea wao. Akianguka na hiyo juu ya ile ya kwanza, mwaka mzima anaurudia. Binti wa Usangu, aliyekuwa anaanua nguo, alicheka mpaka akakaa chini.

"Bibi, umeufukuza mtihani kama unafukuza mbuzi kwenye unga!"

Kisha akachukua simu, akawaita.

Walirudi jua halijazama, wakakaa uani. Mama mwenye nyumba alikuwa anapukuchua mahindi yake. "Kwangu hakuna anayekaa bure," akasema, akawamwagia mahindi katikati. Wakapukuchua huku wanaulizana, na kuulizana kwao ni kugombana kabisa.

"Mwenye damu ya AB anampa nani?"

"AB mwenzake tu."

"Na anapokea kwa nani?"

"Kwa wote!"

"Mchoyo huyo," nikasema. "Hebu, damu yangu na ya babu yako zingepatana?"

"Zenu, Bibi? Zingegombana hata zikiwa kwenye chupa tofauti," mjukuu akajibu, na uani kote wakacheka, yeye mwenyewe akiwamo.

Hapo nikamwangalia mikono. Imetulia. Dole gumba linasukuma punje, mdomo unabisha, kutetemeka hakupo. Kumeondoka saa ngapi? Alipocheka, alipobisha, au alipopata cha kushika? Nikauliza. Mama mwenye nyumba akasema ni mahindi. Binti wa Usangu akasema ni wenzake. Uji haukutajwa na mtu.

Asubuhi akaenda. Nilishinda naitazama njia, na alipotokea nikasimama hata hajafika.

"Ilikuja, Bibi. Mikononi palepale. Nikaweka kalamu chini, nikasugua dole gumba mezani kama napukuchua, nikawa nawasikia wale wanavyobishana. Nikaanza na huyo AB mchoyo wako."

"Ukamaliza?"

"Yote. Ile ya kwanza nitaifanya tena peke yake. Hizi zilizobaki siziachi."

Nikavivuta vile vitabu kutoka chini ya kitanda, nikamfutia vumbi.

Nimeandika ninavyokumbuka. Kwenye majina sina wasiwasi, ila kilichotangulia na kilichofuata huwa vinanichanganya. Kama ulikuwa uani siku ile, uniambie: mikono ya mjukuu wangu ilitulia baada ya kile kicheko, au ilikuwa imeshatulia toka kwenye hindi la kwanza? Nikikosea nirekebishe, maana bado nataka kujua.