Kifungo cha Kisu cha Baba

Jana ilikuwa zamu yetu ya kufua. Nilishuka kule chini ya jengo, kwenye chumba cha mashine, nikatoa suruali ya kazi ya baba ikiwa bado na joto, na kidole changu kikagusa kile kifungo cha pajani. Unajua vile vifungo ambavyo huku mafundi hutundikia kisu? Kitambaa kinachokizunguka kimeisha hadi kimekuwa cheupe. Nikakaa juu ya kikapu cha nguo. Jirani akaingia, akaniuliza kama ninaumwa, nami nikatikisa kichwa tu, maana ukinijua mimi, kuongea na jirani ni mtihani. Basi nakuandikia wewe.

Nilikuwa na miaka tisa, tunakaa hapahapa Hallonbergen, huku kwa Waswidi, wakati koko alipokuja. Koko ni mama wa baba. Alitoka Kivu, akapita kambi nyingi, akatufikia na mfuko mmoja na vitenge vingi. Alilala chumbani kwangu. Usingizi wangu wa miaka ile una harufu ya mafuta yake ya mawese na sauti ya sala zake, ndefu, zinazotaja kila mtu hadi dereva wa basi. Mimi nilikuwa namjibu Kiswidi, yeye ananijibu Kiswahili, na tulielewana vizuri kuliko watu wengi ninaowajua leo.

Wiki ileile ya kwanza, mimi naye tukitoka dukani, alikutana na mafundi kwenye lifti. Walikuwa wawili, wamekuja kupaka rangi ngazi za jengo, na kila mmoja ana kisu chake pajani ndani ya ala ya plastiki, kama kawaida. Koko aliwatazama mapajani. Akawaamkia kwa heshima kubwa, akawakabidhi mfuko wetu wa mkate na ndizi, akanishika mkono, akanitoa nje lifti ilipofunguka, ghorofa ambayo haikuwa yetu. Tukapanda ngazi mbio. Wale mafundi, watu wazuri, wakatufuata na mfuko, wanaita, viatu vyao vinagonga. Koko alifunga mlango akaweka kiti nyuma yake. Wakabisha, wakabisha tena, mwisho wakautundika mfuko kwenye kitasa. Mpaka jioni hatukuula ule mkate. Nilicheka baadaye sana. Siku ile nilikuwa nimejificha nyuma ya makoti, kwa sababu mkono wa koko ulikuwa umenishika kwa namna ambayo mtu hashiki kwa mchezo.

Woga unaambukiza, nakwambia. Kabla ya koko, kisu kwangu kilikuwa kitu cha kukata kitunguu.

Halafu baba akapata kazi ya kutandika sakafu za mbao. Mkubwa wake wa kazi alimpa kisu siku ya kwanza, kama huku wanavyompa kila anayeanza: kifupi, mpini mwekundu wa mbao, makali yasiyozidi sana kidole changu cha kati. Baba alikipenda. Alikitumia kwa kila kitu: kukata kamba za mizigo, kuchonga kipande cha mbao kikae sawa pembeni, kuchota gundi, hata kumenyea chungwa la mchana. Jioni ileile alirudi nyumbani nacho kifungoni, anapiga mluzi.

Koko alisimama katikati ya korido.

"Toka nacho."

"Mama, ni ya kazi."

"Kazi gani ya kufunga kisu mwilini? Wale watu nilikimbia, nao walisema wanaenda ku kazi."

"Mama, hapa kila fundi anacho. Hata wanawake."

"Basi nitaenda Fittja kwa yule mama tunayeimba naye kwaya. Kule hakuna kisu mlangoni."

Hakuwa anatania. Aliuvuta mfuko wake chini ya kitanda, akaanza kukunja vitenge. Baba akaenda kukificha kisu chumba cha baiskeli, lakini koko alishajua kiko ndani ya jengo, na ule mfuko haukurudi chini ya kitanda. Ulikaa karibu na mlango, umefungwa. Kila nikirudi kutoka shuleni, kitu cha kwanza nilikuwa natazama mfuko. Ukiwepo, napumua.

Na kuzidisha balaa, shuleni tulikuwa tumefika kwenye kuchonga. Huku kila mtoto lazima achonge kisu cha siagi, cha mti wa mreteni, kile cha kupakia mkate. Mwalimu wa kazi za mikono alitugawia visu kama kile cha baba hasa. Alikuwa na sheria zake: unakaa chini, huchongi umesimama, unasukuma makali yaende mbali na wewe, ukimpa mwenzako, unampa mpini kwanza. "Kisu butu ndicho kinachouma," alikuwa anasema, akikinoa. Mreteni ukichongwa unanukia vizuri, kama pilipili na sabuni pamoja. Mimi nilichonga polepole kuliko wote. Nyumbani nilificha. Nilikuwa nafuta vumbi la mbao kwenye mikono ya sweta kabla ya kubonyeza kengele, nikiogopa koko atalinusa.

Jumamosi moja tulikuwa tunatoka Hässelby, kwenye mazoezi ya kwaya. Baba na mama walibaki kwenye mkutano, mimi nikatumwa kumrudisha koko nyumbani. Kazi kubwa hiyo kwa mtoto anayeogopa hata kuuliza saa. Koko alikuwa amevaa suruali mbili za baridi, koti, na juu ya yote kitenge chake cha kijani, kimefungwa fundo mara mbili, maana kwake nguo kufunguka njiani ni aibu kuliko kuanguka.

Mahali tulipobadilisha treni kuna ngazi za umeme ndefu. Tukapanda. Koko mbele, mimi chini yake hatua moja. Pindo la kitenge lilikuwa limelegea ubavuni, likaburuzika, likaingia pale ngazi inapokutana na ukuta.

"E!" alisema koko. Akavuta. Ngazi nayo ikavuta. Alikaa chini bila kutaka, na lile fundo likamkaza tumbo, akaanza kukosa pumzi. Juu kule nilikuwa naona meno ya chuma ambako ngazi zinamezwa. Yanakuja. Nilifungua mdomo kupiga kelele na sauti haikutoka. Mpaka leo nikiota ndoto mbaya ni hiyo: mdomo wazi, hakuna sauti. Nilivuta fundo kwa kucha, kucha ikavunjika.

Mtu akaja mbio kutoka chini. Nguo za kazi, rangi nyeupe magotini. Aliona mara moja, mkono wake ukaenda pajani, na kisu kikatoka.

Koko alikiona.

Aliacha kushika kitenge. Aliacha hata kutafuta pumzi. Alininyakua akanisukuma nyuma yake, akainua mguu akampiga yule mtu teke la kifua. "Mwache mtoto! Mwache mtoto, unikate mie!"

Yule mtu hakujua Kiswahili, lakini aliuelewa uso wa koko. Akasimama na mikono juu. Akasogea, koko akapiga teke lingine. Ngazi zinapanda tu. Kisha akanitazama mimi, juu ya bega la koko, akakigeuza kisu, akaninyooshea mpini.

Nilikipokea. Sijui nani alikipokea, ila kilikuwa mkononi mwangu. Nilikaa kwenye ngazi kama mwalimu anavyotaka, nikaingiza makali kati ya fundo na koti, mgongo wa kisu ukielekea kwa koko, nikasukuma kwenda mbali naye. Kitenge kiliachia kama karatasi iliyolowa. Yule mtu akamnyanyua koko kwa kwapa, tukaruka meno wote watatu, na nyuma yetu kitambaa cha kijani kikazama. Mtu mwingine kule juu akabonyeza kitufe chekundu. Zikasimama. Mimi sikuwahi kujua kwamba kuna kitufe.

Fundi alikichukua kisu chake, akakirudisha kwenye ala, *tak*, akauliza kama tuko salama. Koko, amesimama na suruali zake mbili mbele ya watu, akainamisha kichwa. "Aksanti, baba."

Tulikaa kwenye benchi. Treni zikapita. Alikuwa ameushika mkono wangu wa kulia, anaugeuzageuza.

"Nani alikufundisha?"

"Shuleni, koko."

"Wanawapa watoto visu shuleni?"

"Tunachonga. Kisu cha kupaka siagi."

"Kwetu pia waliwapa watoto visu," akasema. "Hawakuwafundisha kuchonga."

Hakuniuliza tena, wala mimi sikuuliza. Nilikuwa naogopa jibu. Bado naliogopa.

Usidhani siku ile woga wake uliisha. Mfuko ulirudi chini ya kitanda, ndiyo, lakini Jumatatu alimwambia baba akilete kisu juu. "Kitu ninachoogopa nataka kujua kimelala wapi." Tangu hapo, kila jioni, baba akifika alisimama mlangoni, mkono ameuweka mbali na paja, na koko alikuja na kukifungua mwenyewe kwenye kifungo, akikibeba kwa vidole viwili kama mkia wa panya, akakiweka kwenye kabati la viatu. Akafunga. Ndipo wakasalimiana. Miaka na miaka. Chai ilikuwa haimiminwi kabla ya kabati kufungwa.

Koko alituacha kabla ya theluji ya mwaka jana. Mafuta ya mawese hayanuki tena chumbani, na hakuna anayemwombea dereva wa basi. Vitenge tuliwagawia akina mama wa kwaya.

Baba bado anatandika sakafu. Akirudi, anafunga mlango nyuma yake na kusimama pale kwenye zulia, mkono mbali na paja, anatazama mwisho wa korido. Mimi niko jikoni, namsikia, na kila siku najiambia leo nitaenda nikifungue mimi kile kisu. Siendi. Anangoja kidogo, kisha anakifungua mwenyewe.