Betri Nzima, Redio Bubu

Harufu ya betri zilizoanikwa juani naijua hadi leo: lami iliyolainika, karatasi iliyopata moto, na kwa Rudewa yetu ya wakati wa Ujamaa, juu ya yote hayo, uvundo wa mabaki ya mkonge. Kila asubuhi Mama alizianika betri za redio ya kijiji juu ya bati, akizigeuzageuza kama mihogo, kwa sababu betri iliyochoka ikipata joto hurudiwa na nguvu kidogo. Kila nyumba ilifanya hivyo, maana duka la ushirika lilikaa muda mrefu bila betri mpya. Wanawake wenzake ndio waliomchagua kuitunza redio hiyo, ambayo watu wazima waliizunguka alasiri kusikiliza masomo yao. Hakuwa na cheo kingine duniani, na hicho alikipenda.

Kiangazi kimoja redio ikaanza kukoroma, kisha ikawa inatamka neno moja na kuzima. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha kikao, akamleta mwalimu wa sayansi na kipimo chake cha mshale. Mwalimu akazitoa betri, akazipima moja moja, na kila mara mshale ukapanda karibu sawa na kwa betri mpya. "Betri ni nzima," akatangaza. "Kilichokufa ni redio." Macho yote yakamgeukia Mama. "Mwenyekiti, naomba tusubiri betri mpya, tuzijaribu kwanza," alisema. "Mama Rehema, kipimo hakisemi uongo!" akajibiwa. Alasiri hiyohiyo redio ikahamishiwa kwa shemeji wa mwenyekiti, aitengeneze na kuitunza yeye. Mama alirudi nyumbani amejifunika kanga usoni, nami nyuma yake nikilia kwa hasira.

Betri mpya zilipofika, shemeji alizitia, redio ikaimba bila kufunguliwa hata skrubu. Je, kuna aliyekuja kuomba radhi? Hata mmoja! Walimsifu shemeji kuwa ni fundi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga. Kijiji chetu kilimnyonga mnyonge, na haki yake kikampa shemeji.

Sekondari ndiko nilikofundishwa kilichotokea. Betri ina msukumo wake wa umeme, lakini pia ina ukinzani wa ndani, unaokua kadiri inavyochakaa. Ukiipima haina kazi, mshale huonyesha msukumo karibu wote. Ikitwishwa redio, sehemu kubwa ya msukumo huo hupotelea humohumo ndani. Ni sawa na kumhukumu mpagazi nguvu zake akiwa amesimama mikono mitupu. Nilichukia hadi nikafunga kitabu. Mwalimu nilimsamehe, alipima alivyojua. Waliosikia redio ikifufuka kwa betri mpya wakanyamaza, hao sijawasamehe.

Siku hizi Rudewa ina umeme, na redio watu huisikiliza kwenye simu. Mama amefariki, lakini jina walilompa halijafa. Juzijuzi nilikwenda kusafisha kaburi lake, nikakutana na yule shemeji, sasa mzee wa mkongojo, amekaa na wajukuu zake. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Wewe si binti wa yule mama aliyeua redio?" Akacheka, na wajukuu wakacheka.

"Mama hakuua redio," nikamwambia, watoto wakisikia. "Ulitia betri mpya kwa mkono wako, mzee. Ulijua tangu siku ile."

Aliinamisha macho, na wajukuu wakabaki wakimtazama.