Kibali cha Texas hakifiki New York

Leo nimemvua kaka yangu bastola, yeye yuko Texas na mimi niko hapa Thornton Heath!

Alinipigia simu akijiandaa kuendesha gari hadi New York, kwa harusi ya bintiye. Bastola kiunoni, chini ya koti.

"Nina kibali, dadangu."

Kibali cha Texas, jamani! Nikamwambia, "Hata leseni yangu ya udereva ya Kenya hapa London ilikubalika mwaka mmoja tu. Waulize polisi wa New York kwanza."

Akanicheka. Lakini akauliza.

Kumbe huko hawakitambui, angefungwa!

Akanipigia tena, mpole kabisa. "Nimeiacha nyumbani. Sasa nani atanilinda njiani?"

"Mungu yule yule aliyekulinda utotoni Nakuru ukitembea peku."

Amecheka mpaka akakohoa. Marafiki, mwombeeni afike salama.